Ritifaa ya ng' katika Programu Tumizi za Mezani na za Wavuti: Chanzo cha Hitilafu na Njia za Kuzitatua

Ikisiri

Makala haya yanajadili kundi moja la hitilafu ambalo watayarishaji wa programu tumizi hukutana nalo mara kwa mara katika eneo linalozungumza Kiswahili na lugha jirani: hitilafu zinazosababishwa na ritifaa. Katika Kiswahili alama hiyo ni sehemu ya herufi unganifu ng', ilhali katika lugha nyingi za kompyuta ni alama ya kufungua na kufunga maandishi. Mgongano huo hukatiza maulizo ya hifadhidata, huharibu majina kimyakimya, huzuia utafutaji na hufichua udhaifu wa kiusalama. Makala yanaeleza jinsi kila hitilafu inavyotokea, yanabainisha kwa nini tiba zilizozoeleka hazitoshi, kisha yanapendekeza utaratibu wa utatuzi unaofaa kwa programu za mezani na za wavuti. Hoja kuu ni kwamba kufuta ritifaa si utatuzi, bali ni kuhamisha kosa kutoka kwa mashine kwenda kwa mwenye jina.

1.0 Utangulizi

Mtumishi wa ofisi ya kata anapoandika neno Chang'ombe katika fomu ya kompyuta na kujibiwa kwa ujumbe wa kosa, huchukua hatua iliyo karibu naye: hufuta ritifaa na kuandika Changombe. Fomu hukubali, kazi huendelea, na hakuna anayetoa taarifa. Siku nyingine mtumishi mwingine, katika kompyuta ambayo haina tatizo hilo, huandika Chang'ombe kama inavyostahili. Kuanzia hapo eneo moja limekuwa maeneo mawili ndani ya hifadhidata, na kila ripoti inayohesabu wakazi kwa kata itakuwa na upungufu.

Hali hiyo haihusu mahali pamoja. Nchini Kenya kuna Murang'a na Lang'ata. Nchini Tanzania kuna Mang'ula na Nyang'hwale. Majina ya watu kama Ng'ang'a yana ritifaa mbili. Katika Kiganda, ambacho tahajia yake ina herufi ŋ, waandishi wengi hutumia ng' kwa sababu baobonye za kawaida hazina herufi hiyo. Kinyarwanda na Kirundi hutumia ritifaa kuonyesha irabu iliyodondoshwa baina ya maneno, na Kifaransa, kinachotumika katika ofisi za Kongo na Burundi, hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo mfumo usioweza kupokea ritifaa ni mfumo usioweza kuandika lugha za eneo unamotumika.

2.0 Alama Moja, Kazi Mbili

Kifonolojia, ng' huwakilisha nazali ya kaakaa laini peke yake, tofauti na ng, ambayo nazali hiyo hufuatwa na kipasuo. Tofauti hiyo hubeba maana: ng'oa ni kutoa kitu kilichojikita ardhini, na ngoa ni wivu au tamaa. Ritifaa hapa si pambo wala kituo, bali ni kipande cha herufi.

Katika kompyuta historia ni nyingine. Jedwali la ASCII, lililochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1963, liliipa alama hii nambari 39 na kuitumia kwa kazi kadhaa kwa pamoja, zikiwemo ritifaa na alama ya kudondoa. Lugha ya maulizo ya SQL, iliyoasisiwa na Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa kampuni ya IBM katika miaka ya 1970, iliichagua iwe mpaka wa maandishi. Tangu hapo alama ileile imekuwa na maana mbili: kwa msemaji wa Kiswahili ni herufi, kwa mashine ni ukuta.

3.0 Ulizo Linalokatika

3.1 Namna hitilafu inavyotokea

Tuseme programu ya mezani inayotumia hifadhidata ya SQLite, au tovuti inayotumia MySQL, inatunga ulizo kwa kuunganisha vipande vya maandishi na neno lililoandikwa na mtumiaji. Matokeo huwa haya:

SELECT * FROM wakazi WHERE kata = 'Chang'ombe'

Hifadhidata husoma kutoka kushoto. Inakutana na ritifaa ya kwanza na kufungua maandishi, inasoma Chang, inakutana na ritifaa ya pili na kuyafunga. Sehemu inayobaki, yaani ombe, haieleweki kuwa amri, na ritifaa ya mwisho inafungua maandishi yasiyofungwa kamwe. Hifadhidata inakataa ulizo zima. Kwa neno lenye ritifaa mbili, kama ng'ang'ania, alama hutimia jozi lakini kipande ang hubaki nje. Kosa hutokea vilevile, ingawa ujumbe wake huweza kuwa tofauti. Ndiyo maana wanaochunguza hitilafu hizi hudhani mara nyingine kwamba wanakabiliwa na matatizo mawili.

3.2 Mlango uleule kwa mdukuzi

Ulizo linalovunjwa na jina la mtu mwema linaweza kupindwa na mtu mwenye nia mbaya. Akiandika katika kisanduku cha kata maneno x' OR '1'='1, sharti la ulizo huwa kweli kwa kila safu, na programu humwonyesha wakazi wote. Mbinu hii, inayoitwa uchomekaji wa SQL, ilielezwa hadharani mwaka 1998 katika jarida la mtandaoni la Phrack. Katika orodha za hatari kumi kuu za programu za wavuti zinazotolewa na OWASP, kundi la uchomekaji lilishika nafasi ya kwanza mwaka 2010, 2013 na 2017.

Funzo lililomo ni la moja kwa moja. Malalamiko kwamba mfumo haupokei jina Ng'ang'a hayapaswi kuwekwa katika fungu la kero ndogo za tahajia. Ni dalili kwamba maandishi ya mtumiaji yanafika kwenye hifadhidata yakiwa na uwezo wa kugeuka amri. Mwenye jina hilo amegundua ufa kabla ya mwizi.

3.3 Tiba zisizotosha na tiba inayofaa

Tiba tatu huonekana mara kwa mara. Ya kwanza ni kufuta ritifaa. Imekwisha kuonyeshwa kwamba hubadili neno na kugawa kumbukumbu. Ya pili ni kuibadilisha kwa nafasi au kwa alama nyingine inayofanana nayo. Hiyo huzaa tahajia ya tatu ambayo hakuna atakayeitafuta. Ya tatu ni kuirudia mara mbili, kwa kuwa SQL husoma ritifaa mbili zilizofuatana kama ritifaa moja ndani ya maandishi. Tiba hii ni sahihi kikanuni, lakini hutegemea kumbukumbu ya mtayarishaji: akisahau mahali pamoja, ufa umerudi, akiifanya katika tabaka mbili, hifadhidata huhifadhi Murang''a. Lugha ya PHP iliwahi kuwa na kipengele kilichoongeza mkwaju wa nyuma kabla ya kila ritifaa bila kuombwa, na matokeo yake yalikuwa kurasa nyingi zenye majina kama Murang\'a. Kipengele hicho kiliondolewa katika toleo la 5.4 mwaka 2012.

Tiba inayofaa ni kutenganisha amri na data. Ulizo huandikwa likiwa na nafasi tupu:

SELECT * FROM wakazi WHERE kata = ?

Kisha thamani ya nafasi hiyo hupelekwa kando. Kwa kuwa hifadhidata imekwisha kuelewa muundo wa amri, chochote kitakachowekwa katika nafasi hiyo kitachukuliwa kuwa maandishi tu. Uwezo huu umo katika PDO kwa PHP, PreparedStatement kwa Java, vigezo vya ADO.NET kwa C#, na moduli ya sqlite3 kwa Python. Programu ya mezani haina udhuru wa kuuacha kwa hoja kwamba haiko kwenye intaneti, kwani jina la mtumiaji litaivunja vilevile. Tahadhari moja ni muhimu: nafasi hiyo hubeba thamani, haibebi jina la jedwali wala la safuwima. Pale mtumiaji anaporuhusiwa kuchagua safuwima ya kupangia orodha, chaguo lake lilinganishwe na orodha ya majina yanayokubalika.

4.0 Jina Linalokatwa Kimyakimya

Hitilafu ya ulizo hupiga kelele. Ya ukurasa wa wavuti hunyamaza. Ikiwa thamani ya kisanduku imezungushiwa ritifaa katika HTML, yaani value='Murang'a', kivinjari husoma Murang na kuishia hapo. Hakuna ujumbe wa kosa. Mtumiaji aliyefungua fomu kwa ajili ya kurekebisha nambari ya simu tu hubonyeza kitufe cha kuhifadhi, na jina lililokatwa huandikwa juu ya jina sahihi. Data iliyokuwa nzima imeharibiwa na mtu ambaye hakuigusa.

Utatuzi ni kugeuza alama maalumu wakati wa kuonyesha, kulingana na mahali zinapowekwa: katika HTML ritifaa huandikwa ', na ndani ya msimbo wa JavaScript hufuatwa kanuni za lugha hiyo. Katika PHP kazi hii hufanywa na htmlspecialchars, lakini kabla ya toleo la 8.1 haikugeuza ritifaa mpaka iagizwe. Mifumo iliyoandikwa zamani, ambayo bado inatumika maofisini, ikaguliwe kwa jicho hilo. Hifadhidata yenyewe ihifadhi neno kama lilivyo. Mageuzi ya kuonyesha yasihifadhiwe.

5.0 Ritifaa Zinazofanana Machoni

Unikodi ina alama kadhaa ambazo jicho huziona kuwa ritifaa. Tatu ni za msingi: U+0027, inayotolewa na baobonye, U+2019, iliyopinda, ambayo programu za kuandikia na simu nyingi huiweka zenyewe, na U+02BC, iliyotengwa kwa ajili ya ritifaa iliyo sehemu ya herufi. Kwa mashine, Murang'a iliyoandikwa kwa kila mojawapo ni neno tofauti. Hata taratibu rasmi za usawazishaji za Unikodi haziunganishi U+0027 na U+2019. Katika orodha iliyopangwa kwa nambari za alama, ng'ombe yenye alama ya kwanza hutangulia ngalawa, na yenye alama iliyopinda huja baada ya maneno yote yanayoanza na ng na herufi.

Alama iliyopinda ina tatizo la ziada. Katika usimbaji wa UTF-8 huchukua baiti tatu. Faili hilo likisomwa kana kwamba ni la Windows-1252, kila baiti hugeuka alama yake, na mtumiaji huona Murangâ€™a. Anayekutana na mfuatano huo ajue kwamba data huenda bado ni salama, ila imesomwa vibaya. Faili, muunganisho wa hifadhidata na ukurasa vyote vitangaze UTF-8. Ikiwa maandishi yaliyoharibika yamekwisha kuhifadhiwa, urejeshaji ufanyiwe majaribio kwanza katika nakala.

Kiisimu, U+02BC ndiyo inayoafiki hadhi ya ng', lakini baobonye za kawaida haziitoi. Kwa matumizi ya ofisi, U+0027 inafaa zaidi, kwa sharti kwamba alama nyingine zigeuzwe kuwa hiyo katika sehemu za majina na katika neno linalotafutwa. Panapohusika kumbukumbu za kisheria, umbo lililoandikwa na mhusika lihifadhiwe katika safuwima yake, na umbo lililosawazishwa liwekwe katika safuwima ya utafutaji. Mageuzi hayo yasifanywe katika matini ndefu, ambamo alama zilizopinda huweza kuwa alama halisi za kudondoa.

6.0 Kanuni Zinazokataa Lugha

Fomu nyingi huhakiki majina kwa kanuni inayoruhusu herufi A hadi Z pekee. Hapo mashine haikosei, imeagizwa kukataa. Kanuni bora huruhusu herufi yoyote inayotambuliwa na Unikodi, pamoja na ritifaa, kistari na nafasi. Vilevile, zana za kutafuta zinazokata maneno kwa mpaka sahili wa herufi hugawa ng'ombe kuwa ng na ombe, ilhali kanuni za Unikodi za mipaka ya maneno huiacha nzima kwa kuwa ritifaa iko baina ya herufi. Katika Python, amri ya title hubadili murang'a kuwa Murang'A, kwa sababu huchukulia kila kundi la herufi kuwa neno jipya. Majina ya watu na mahali yasibadilishwe herufi kubwa na ndogo bila sababu.

7.0 Utaratibu Unaopendekezwa

Mtayarishaji anayepokea taarifa ya hitilafu aanze kwa kuizalisha upya kwa neno lilelile, kisha afuatilie neno hilo hatua kwa hatua: lilivyotoka kwenye fomu, lilivyofika kwenye seva, lilivyohifadhiwa, na lilivyorudi. Katika kila hatua atazame nambari za alama, si umbo lake kwenye skrini. Hatua ambayo nambari zinabadilika ndiyo yenye kosa. Baada ya kurekebisha, maneno machache yaingizwe katika majaribio ya kudumu: ng'ombe, ng'ang'ania, Murang'a na Nyang'hwale, kila moja kwa ritifaa ya kawaida na iliyopinda. Jaribio lipite ikiwa neno linaingia, linatafutika, linaonekana, na linabaki vilevile fomu inapohifadhiwa bila kubadilishwa kitu.

8.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba hitilafu za ritifaa hutokana na kuchanganya data na amri, kuchanganya alama zinazofanana, na kuweka kanuni zisizoijua lugha ya watumiaji. Utatuzi wake unapatikana katika zana ambazo watayarishaji tayari wanazo, na hauhitaji gharama mpya. Kilichopungua ni kuyafanya maneno ya Kiswahili kuwa sehemu ya majaribio tangu siku ya kwanza. Walimu wa programu wakianza somo la hifadhidata kwa jina Ng'ang'a, wanafunzi watajifunza usalama na tahajia kwa wakati mmoja, na mwenye jina hilo hataambiwa tena na mashine kwamba jina lake ni kosa.