Kuta Zinazotuliza (3): Nyumba ya Kakira na Vijana wa Chuo

Wasomaji walionifuata tangu sehemu ya kwanza wanajua msongo wa mawazo unavyomnyang'anya mwanafunzi usingizi; sirudii. Kilichonichokoza leo ni habari zinazosifiwa siku hizi, za vyuo vya ng'ambo kuwaingiza wanafunzi katika vyumba vyenye picha na mwanga kila upande, wakae humo hadi mioyo itulie. Zinasimuliwa kana kwamba jambo ni jipya.

Huko Paris, Claude Monet aliwachorea watu waliochoshwa na kazi vyumba viwili vya umbo la yai, vikafunguliwa katika jumba la makumbusho la Orangerie mwaka 1927. Ukisimama katikati, maji na mayungiyungi yamekuzunguka. Na sisi, kabla ya Monet, tulikuwa na Kakira.

Mapokeo ya Gisaka, mashariki ya Rwanda, yanasema Kakira, mwana wa Mfalme Kimenyi, ndiye aliyeanza kupamba kuta za ndani za nyumba yake kwa imigongo. Mswahili hahitaji mkalimani hapo: ni migongo, matuta yanayoinuka ukutani. Hufinyangwa kwa vidole, kwa mavi ya ng'ombe yaliyochanganywa na jivu (msomaji wa mjini asikunje pua, yakikauka hayanuki), huachwa ikauke, husuguliwa, ndipo hupakwa nyeusi, nyeupe na nyekundu ya udongo. Jicho hufuata tuta hadi tuta, na pumzi hulifuata jicho. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, ufundi huu ulikaribia kuzikwa. Walioufufua ni wanawake wa Nyakarambi, huko huko mashariki, wengi wao wajane. Msongo wao haufikiwi na mtihani wowote wa muhula, wala hawakukaa kutazama picha, walichafua mikono.

Hapo ndipo ninapogombana na vile vyumba vya ng'ambo vya picha na mwanga. Kijana amekesha mbele ya kioo cha simu, nasi tumtibu kwa kioo kikubwa zaidi?

Hapa Kanama, magharibi ya Rwanda, tuna vijana wanaosoma vyuo vya Gisenyi, wengine wakiwa bado na kumbukumbu ya mto Sebeya ulivyofurika Mei 2023. Jirani, Nyundo, kuna shule ya sanaa tangu mwaka 1952. Ili vijana nao wafinyange imigongo, chuo kingewaomba walimu wa huko Jumamosi moja tu, na kutoa ukuta mmoja wa bweni. Mavi tunayo, jivu lipo kila jikoni, ndoo zinauzwa soko la Mahoko. Suala la kibali cha mlezi wa bweni nitaligusa sehemu ijayo.