Shahada si mwisho wa safari ya mhandisi wa mitambo ya umeme

Bwawa la Julius Nyerere, katika Mto Rufiji, lina mitambo tisa ya kufua umeme, kila mmoja ukiwa na uwezo wa megawati 235. Dhamana ya kusimamia mitambo ya namna hiyo haitokani na shahada pekee.

Baada ya Fizikia, Kemia na Hisabati za kidato cha sita, mwanafunzi husoma uhandisi wa umeme au mitambo kwa miaka minne. Akihitimu, husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kuwa mhandisi mhitimu, kisha hujifunza kwa vitendo kwa takriban miaka mitatu chini ya mhandisi mzoefu kabla ya kuomba usajili wa mhandisi mtaalamu. Kwa hiyo, anayechelewa kujisajili hujichelewesha mwenyewe.