Kigoma hadi Tabora kwa ndege: Saa unazookoa zinalipa?

MFANYABIASHARA wa samaki katika mialo ya Kibirizi, Katonga na Ujiji huanza hesabu zake na bei ya migebuka ufukweni, kisha nauli. Kinachosahaulika mara nyingi ni muda wa safari, ambao kwa bidhaa inayooza ni gharama kamili.

Umbali wenyewe

Viwanja vya ndege vya Kigoma na Tabora vyote viko digrii 5 hivi kusini mwa Ikweta. Kutoka magharibi kwenda mashariki vinapishana kwa zaidi kidogo ya digrii 3, na katika eneo hili digrii moja ni karibu kilomita 111. Hivyo umbali wa angani ni takriban kilomita 350. Reli iliyojengwa na Wajerumani na kufika Kigoma mwaka 1914 hupita Uvinza, Kaliua na Urambo, na urefu wake hadi Tabora ni kilomita 411 hivi.

Ndege aina ya Dash 8 Q400, zinazotumiwa na Air Tanzania, huweza kwenda kilomita 600 kwa saa zikiwa angani. Ukijumlisha kupaa na kutua, safari huchukua kama dakika 50. Lakini abiria hutakiwa kufika uwanjani mapema, kusubiri mzigo, kisha kutafuta usafiri wa kwenda sokoni. Kutoka mwaloni hadi sokoni ni saa tatu hadi nne. Treni ikienda kwa wastani wa kilomita 40 kwa saa itatumia zaidi ya saa kumi, mbali na muda wa kusubiri stesheni.

Kwa Dar es Salaam tofauti ni kubwa zaidi. Angani ni karibu kilomita 1,080, safari ya saa mbili hivi. Kwa reli ni kilomita 1,250 hivi, yaani zaidi ya saa 30 kwa mwendo uleule. Safari fupi huliwa na muda wa uwanjani. Safari ndefu ndiyo inayoonyesha faida ya ndege.

Piga hesabu kwa kilo

Tuseme mfanyabiashara ana kilo 100 za migebuka wabichi, bei ya sokoni ni Sh10,000 kwa kilo, na kwa treni kilo 15 huharibika. Hasara ni Sh150,000, sawa na Sh1,500 kwa kila kilo aliyopakia. Hata kama ndege haitaharibu samaki hata mmoja, gharama yake ikizidi ya treni kwa zaidi ya Sh1,500 kwa kilo, ndege haimfai.

Kwa dagaa wakavu na mawese hesabu ni rahisi: haviharibiki kwa siku moja, hivyo mahali pake ni kwenye behewa au lori.

Kabla ya kukata tiketi, uliza gharama ya mzigo kwa kilo, kikomo cha uzito na aina ya boksi linalokubaliwa. Kumbuka pia barafu: kipimo cha kawaida katika nchi za joto ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, na barafu nayo hupimwa kwenye mizani.

Aidha, mkataba wa reli ya kisasa kati ya Tabora na Kigoma ulisainiwa Desemba 2022. Reli hiyo ikianza kazi, hesabu hii itabidi ipigwe upya.