Kulipa kwa Simu Mjini Guangzhou

Katika somo letu la leo nitawaeleza namna mgeni awezavyo kulipa kwa simu, na kupata habari za nyumbani, anapotembea mjini Guangzhou, kusini mwa nchi ya China. Nimeuchagua mji huu kwa kuwa wafanyabiashara wetu wengi, wa Kariakoo na wa Nairobi, huenda huko kununua bidhaa; nao wakimaliza shughuli zao hupenda kuuona mji kabla ya kurudi.

Sisi tumezoea kulipa kwa simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka uliofuata. Basi mtu husema, "Jambo hili nalijua." Hapo ndipo anapopotea. M-Pesa yetu hufanya kazi hata kwa simu ndogo ya vitufe isiyo na intaneti. Ya China si hivyo. Huko hutumika programu mbili, Alipay na WeChat, nazo zahitaji simu janja, intaneti, na kwa mgeni, kadi ya benki kama Visa au Mastercard iliyounganishwa nazo. Kimoja kikikosekana, umekwama.

Labda mtauliza, je, noti hazitumiki? Zatumika, muuzaji hana ruhusa ya kuzikataa. Lakini muuza matunda aweza kukosa chenji, maana ni siku nyingi hajashika noti. Chukueni noti ndogo ndogo za akiba.

Kazi kubwa hufanywa nyumbani kabla ya safari. Weka programu zote mbili, maana moja ikikataa nyingine yaweza kukubali. Piga picha ya pasipoti yako kama utakavyoagizwa, kisha uandikishe kadi. Halafu nenda benki uwaarifu kwamba utaitumia kadi China, wasije wakaifunga wakidhani imeibiwa.

Sasa natufikie jambo linalowasumbua wengi, nalo ni laini ya simu. Tuseme mama mmoja amefika Guangzhou, akanunua laini ya China kwa kuonyesha pasipoti yake. Akaitoa laini ya nyumbani, akaitia ndani ya pochi. Mchana anataka kulipia mzigo wa vitenge. Benki yake, ili kuhakikisha kwamba ni yeye, yatuma namba ya uthibitisho. Yaituma wapi? Kwenye laini iliyo pochini! Muuzaji angoja, foleni yarefuka, na mama hajui kosa li wapi. Kwa hiyo, mwenye simu ya laini mbili na aziweke zote mbili. Ya nyumbani isizimwe kamwe.

Tena liko jambo la pili. Ukitumia laini ya China, au intaneti ya hoteli, hutapata WhatsApp, Facebook wala Google, kwa sababu serikali ya huko imezifunga. Watoto nyumbani watadhani umepatwa na jambo. Lakini ukitumia intaneti ya laini yako ya nyumbani, kwa kawaida WhatsApp hufunguka, maana habari hupitia kwanza kwenye kampuni ya kwenu. Gharama yake yaweza kuwa kubwa, basi ulizeni bei ya bando la nje kabla ya kupanda ndege.

Na kulipa kwenyewe ni kwa njia mbili. Dukani huwa pana kipicha cha mraba chenye vidoto vyeusi, kama kile cha "Lipa Namba" kwetu. Wakielekezea kamera, waandika kiasi, walipa. Njia ya pili, wewe waonyesha kipicha chako na karani akisoma kwa mashine yake. Hicho chako hubadilika kila baada ya muda mfupi. Usikubali mtu akipige picha, wala usimtumie mtu, maana ni sawa na kumpa pochi iliyo wazi. Malipo yakizidi yuani 200, mwenye kadi ya kigeni amekuwa akitozwa asilimia 3 zaidi: kitu cha yuani 300 kitakugharimu 309.

Ukishajua hayo, tembea. Treni ya chini ya ardhi huanzia yuani 2, nayo hulipwa kwa simu mlangoni. Nenda bustani ya Yuexiu ukaone sanamu ya mbuzi watano, ambao wenyeji husimulia kwamba waliuletea mji nafaka. Nenda msikiti wa Huaisheng, mmojawapo wa misikiti ya zamani kabisa ya China. Jioni panda mashua katika mto Zhujiang, uutazame mnara wa Canton wenye urefu wa mita 600 ukibadilika rangi.

Lakini hapo mtoni, baada ya picha nyingi, simu huwa imekaribia kuzima. Ziko betri za kukodi madukani, ila hukodiwa kwa simu iliyo hai. Basi usingoje mpaka izime. Na asubuhi, kabla ya kutoka, mwombe karani wa hoteli akuandikie anwani kwa herufi za Kichina katika karatasi, pamoja na jina la kituo cha treni kilicho karibu. Iweke mfukoni pamoja na zile noti ndogo, uweze kumwonyesha dereva wa teksi.

Kwa herini.