Barafu Inapungua, Msitu Ndio Tangi Letu

Wakazi wengi wa Marangu wanahofu kuwa barafu ya Kibo ikiisha, mito na chemchemi nazo zitakauka. Hofu hiyo si ya bure: zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu lililokuwapo mwaka 1912 limekwisha kutoweka.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya maji ya mlima hutokana na mvua na ukungu unaonaswa na msitu. Udongo wa msitu huyahifadhi maji hayo na kuyaachia polepole hadi kwenye chemchemi na mifongo inayonywesha migomba na kahawa vihambani. Moto unapoteketeza msitu wa juu, au miti inapokatwa kandokando ya mito, mvua hushuka kwa mkupuo na kuchukua udongo. Kiangazi kikifika, wakazi wa chini hukosa maji.

Kwa sababu hiyo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Kutumia maji ya mfongo kwa kilimo nako kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani.

Kila kaya inahimizwa kupanda miti ya asili kama mringaringa na msesewe, kuvuna maji ya mvua, na kushiriki kuzibua mifongo. Zamu za maji zipangwe katika mikutano ya vitongoji mapema, kabla kiangazi hakijaleta ugomvi.