Kwa nini uvimbe wa ubongo hurudi baada ya upasuaji? Wataalamu wafuata mkondo wa maji

Ni swali ambalo jamaa wa wagonjwa huuliza kwa uchungu: daktari alisema uvimbe umetolewa, mbona baada ya miezi michache umerudi? Wengine humlaumu daktari, wengine husema ni mkono wa mtu.

Kwa saratani ya ubongo iitwayo glioblastoma, sababu iko pembezoni mwa uvimbe. Baadhi ya seli zake hujipenyeza katika sehemu nzima za ubongo, ambako daktari hawezi kukata bila kumwachia mgonjwa ulemavu. Ndiyo maana ugonjwa mara nyingi huota tena karibu na pale pale ulipotolewa, hata baada ya mionzi na dawa.

Kinachozisaidia seli hizo kusafiri ni mambo kadhaa, na moja ni maji. Kati ya seli za mwili kuna maji yanayotembea polepole sana. Ndani ya uvimbe, mishipa ya damu huvuja, shinikizo hupanda, na maji husukumwa kutoka nje. Katika majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2018, mkondo huo ulizichochea seli za saratani kuenea. Watafiti walipotumia dawa ya kuziba kipokeo kimoja cha seli hizo, kiitwacho CXCR4, uchochezi huo ulizuiwa.

Lakini mkondo wa ndani ya kichwa utauonaje? Hapa ndipo kipimo cha MRI kinapoingia. Mashine hii hutumia sumaku yenye nguvu, si eksirei. Mgonjwa hudungwa dawa yenye madini ya gadolini, ambayo hung'aa kwenye picha. Kwa kawaida daktari hutazama uvimbe ulipo na ukubwa wake. Profesa Jennifer Munson wa chuo kikuu cha Virginia Tech, Marekani, na wenzake hupiga picha nyingi mfululizo, kisha kompyuta hupima dawa ile imesogea upande gani na kwa kasi gani. Wamegundua kwamba maji hayaendi sawa pande zote: kuna mahali yanakimbia, na mahali yametulia.

Ngalawa ikikatika nanga usiku, mvuvi haishii kuitafuta pale alipoifunga; hutazama mkondo. Matumaini ni kwamba siku moja ramani hiyo itamwonyesha daktari aongeze mionzi au dawa wapi.

Kwa sasa huu bado ni utafiti. Usiende hospitali kuuliza kipimo hiki. Lililo mikononi mwetu ni kutochelewa. Maumivu ya kichwa yanayozidi siku hadi siku, hasa asubuhi pamoja na kutapika, mtu mzima kuanguka kifafa kwa mara ya kwanza, au upande mmoja wa mwili kulegea, ni dalili za kumpeleka mgonjwa hospitali bila kungoja.