Aliyemaliza Kifungo Apokewe

Mwishoni mwa mwaka 2018 Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilianza kuonyesha katika televisheni mchezo wa sehemu sita uliotokana na riwaya ya Mfaransa Victor Hugo, Les Misérables, iliyotolewa mwaka 1862. Jina hilo twaweza kulifasiri kuwa "Mafukara". Wapo watakaouliza kisa cha Ufaransa ya kale kinamhusu nini mvuvi wa Kome, au Afisa Mtendaji wa Kijiji kisiwani Maisome. Sisi twasema kinawahusu wote wawili, na pengine Afisa Mtendaji kinamhusu zaidi.

Kwanza wananchi wa visiwani wajue kwamba riwaya hiyo ilikamilishwa kisiwani. Hugo alikuwa amefukuzwa kwao kwa sababu ya siasa, akaishi uhamishoni Jersey na kisha Guernsey, visiwa vidogo karibu na pwani ya Ufaransa. Alijua maana ya kuitazama nchi ya bara kwa mbali na kutokaribishwa huko.

Kisa chenyewe ni hiki. Jean Valjean, mkata matawi ya miti, aliiba mkate ili watoto saba wa dada yake wasife njaa. Akahukumiwa miaka mitano. Akajaribu kutoroka mara kadhaa, na kila mara akaongezewa, hata alipofunguliwa mwaka 1815 alikuwa amekaa kifungoni miaka 19. Akapewa hati ya njano ya kusafiria iliyomtangaza popote aendapo kwamba ni mfungwa wa zamani. Alipofika mji wa Digne, fedha alikuwa nayo mfukoni, lakini nyumba za wageni zilimfukuza. Alibisha hodi hata gerezani aombe mahali pa kulala, akakataliwa. Mtu mmoja tu ndiye aliyempokea: Askofu Myriel, ambaye katika mchezo huu anaigizwa na mzee Derek Jacobi. Usiku Valjean akaiba vyombo vya fedha vya mwenyeji wake. Askari walipomrudisha asubuhi, Askofu akasema vyombo vile alimpa yeye mwenyewe, kisha akamwongezea na vinara viwili vya mishumaa alivyovisahau.

Tunawasikia baadhi ya maofisa wakiguna. Je, huko si kumficha mhalifu? Hoja hiyo ina uzito, wala hatuipuuzi, hasa katika ziwa letu ambako wizi wa nyavu na injini za mitumbwi umewafilisi watu wengi. Lakini tukumbuke ni nani aliyesamehe. Aliyesamehe ndiye aliyeibiwa. Hakuna Serikali inayoweza kutoa msamaha wa namna hiyo kwa niaba ya mwananchi, na ndiyo sababu tumeona vema kuligusa jambo hili.

Katika nchi yetu Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais madaraka ya kusamehe waliopatikana na hatia. Mkoa wa Mwanza una kumbukumbu yake katika jambo hilo. Julai 2019 Rais John Magufuli aliingia katika Gereza la Butimba akawasikiliza wafungwa na mahabusu kwa masikio yake mwenyewe. Mwaka huo huo, tarehe 9 Desemba, sherehe za Uhuru zilifanyika katika uwanja wa CCM Kirumba, na hapo akatangaza msamaha kwa wafungwa 5,533 nchini kote. Watu walishangilia, nasi tunasema walikuwa na haki ya kushangilia.

Lakini msamaha wa Rais hufungua lango la gereza. Haufungui mlango wa nyumba. Mtu wa Kome anayetoka Butimba leo huvuka Kigongo hadi Busisi kwa daraja lililofunguliwa Juni 2025, akapita Sengerema, akateremka Nyakaliro na kupanda kivuko. Hadi hapo hakuna anayemuuliza neno. Maswali huanza anapokanyaga mwalo wa kwao. Hati ya njano hatutoi katika Tanzania, jambo la kushukuru. Badala yake tunazo kauli: "Huyu alifungwa." Kauli hiyo hufika kabla ya kivuko. Tajiri wa mtumbwi haimpendezi kumweka kwenye kikosi chake usiku wa dagaa. Kikundi cha vijana kinachoomba mkopo wa Halmashauri hakitaki jina lake lionekane kwenye orodha, kwa hofu ya kuharibiwa maombi. Barua ya utambulisho huambiwa aifuate kesho, na kesho ikifika huambiwa mhuri haupo.

Basi hufanya nini? Hufanya alivyofanya Valjean. Hugo anamwonyesha Valjean akihamia mji mwingine kwa jina la Madeleine, akifungua kiwanda cha shanga nyeusi, akijenga shule na hospitali, hata kuwa Meya. Kambi zetu za uvuvi tangu zamani zimewapokea watu wanaojulikana kwa majina ya utani tu, na wengi miongoni mwao ni wachapakazi hodari. Lakini siku hizi laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole, na kitambulisho cha Taifa vilevile. Kina Madeleine wa leo hawawezi kujificha kwa muda mrefu. Hatusikitiki kwa hilo, kwa maana wahalifu sugu nao wamepungukiwa na maficho. Tunasema tu kwamba ikiwa mtu hawezi tena kuanza upya kwa jina jingine, basi ni lazima aweze kuanza upya kwa jina lake mwenyewe, kijijini kwake.

Sheria kwa upande wake haina kinyongo kirefu namna hiyo. Ibara ya 67 ya Katiba inamzuia kugombea ubunge mtu aliyetumikia kifungo kwa kosa la utovu wa uaminifu katika miaka mitano kabla ya Uchaguzi Mkuu. Miaka mitano, basi. Mtu aliyeiba anaweza siku moja kuingia Bungeni kwa ridhaa ya Katiba, lakini hawezi kupata nafasi ya kuvuta kamba katika mtumbwi wa jirani! Ni nani aliyetupa sisi mamlaka ya kuongeza kifungo ambacho hakimu amekwisha kukitaja?

Tuje kwa Javert, afisa wa polisi anayemwandama Valjean miaka mingi. Anaigizwa na David Oyelowo, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria. Watu wa ukanda wetu wanaweza kumkumbuka kwa filamu ya Queen of Katwe ya mwaka 2016, iliyopigwa Uganda, alimocheza kama mwalimu anayewafundisha sataranji watoto wa mtaa maskini wa Kampala. Mwigizaji huyo huyo katika kazi moja anaamini mtoto wa fukara aweza kuinuka, na katika nyingine haamini kabisa kwamba mwizi aweza kubadilika. Javert si mtu mbaya. Hali rushwa, halali kazini, hapendelei mtu. Yeye mwenyewe alizaliwa gerezani. Kasoro yake ni moja, nayo ndiyo inayomwua: kwake faili likishafunguliwa halifungwi. Valjean anapomwokoa na kifo mwaka 1832 katika ghasia za Paris, Javert hawezi kuishi na jambo ambalo halimo katika kanuni zake, akajitupa mtoni. Twashukuru tunao maofisa wasiokula rushwa, na tunawaomba waongezeke. Lakini kutokula rushwa pekee hakutoshi kumfanya ofisa awe mwadilifu.

Lipo pia suala la mkate wenyewe. Operesheni Sangara ya mwaka 2018 iliteketeza makokoro na timba nyingi katika ziwa hili. Ulinzi wa ziwa ni wajibu, kwani sangara akivuliwa akiwa chini ya sentimita 50 watoto wetu hawatamkuta. Hata hivyo, kijana aliyekamatwa akivuta kokoro la tajiri ili apate ugali wa jioni si sawa na tajiri mwenye kokoro. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu mahakama, kwa vifungo visivyozidi miaka mitatu, kumpa mkosaji kazi za manufaa ya umma badala ya kumpeleka gerezani. Zahanati na shule visiwani zinahitaji mikono. Mtu wa namna hiyo angeilipa jamii akiwa anaonekana na majirani, wala kusingekuwa na haja ya kumpokea upya kwa sababu hakuondoka.

Kwa hiyo tunaziomba Halmashauri za Sengerema na Buchosa ziwaelekeze watendaji wao kwa maandishi kwamba kifungo kilichokwisha kisiwe sababu ya kumnyima mtu barua ya utambulisho, wala kuondoa jina lake katika kikundi cha mkopo. Na wenye mitumbwi wasingoje maandishi.

Kuhusu mchezo wenyewe, katika mialo yetu watu wamezoea kutazama filamu za kigeni bandani, zikifasiriwa kwa Kiswahili na mtu anayesema juu ya sauti za waigizaji, ufundi uliostawi sana Kampala. Tungependa mafundi hao waupate na huu. Thénardier, yule mwenye hoteli anayepekua maiti vitani, watamweleza kwa vichekesho bila taabu, na watoto watacheka. Tunawaomba jambo moja tu: Javert wasimfanye jambazi.